Kipimo cha Mei si cha mwaka mzima

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia, lakini ile habari kwamba hewa na udongo wa Malindi havina neno imenishinda kunyamazia. Sampuli zilichukuliwa Mei, siku moja, katikati ya masika, wakati mvua imekwisha kuiosha hewa na mioto ya majaani imezimwa na maji.

Tunazungumzia sumu zisizooza: dioksini inayozaliwa motoni, PCB ya mafuta ya mitambo ya umeme, dawa za wadudu DDT na lindani, na heksaklorobenzini, dawa ya zamani ya ukungu wa mbegu. Mkataba wa Stockholm wa 2001, wa kuzipiga marufuku au kuzibana, ulianza na kemikali kumi na mbili za namna hii, na Kenya iliuridhia 2004. Udongoni sumu hizi hukaa miaka, kwa hiyo kipimo cha udongo hakipandi wala kushuka sana mwezi kwa mwezi. Kinachogeuka ni hewa. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, jua hupasha ardhi na sumu nyepesi kama lindani na heksaklorobenzini hutoka mchangani zikawa mvuke. Dioksini nyingi ni nzito, hupanda vumbi na masizi, na vumbi ni la kiangazi. Mvua ikija huziteremsha zote, maji yakazisukuma mitaroni hadi baharini. Anayepima Mei peke yake amepima kazi ya mvua. Na huo udongo wenyewe! Mchanga mweupe wa ufukweni, usio na mboji, umelinganishwa na udongo mweusi wa bustani, ilhali sumu hizi hung'ang'ania mboji. Bila kupima kaboni ya mboji katika kila sampuli, ulinganisho huo ni bure. Tena ulibebwa kwa mifuko ya plastiki, ambayo hufyonza sumu nyingine na kuongeza zake.

Juzi jioni nyaya za umeme zimechomwa tena nyuma ya ukuta wa uwanja wanapocheza watoto, ganda liungue, shaba ipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kama kuna aliyetaka kutengeneza dioksini kwa makusudi, angefanya vivyo hivyo: ganda la PVC, plastiki ya nyaya, lina klorini, shaba huchochea, na moshi wa moto hafifu ukipoa kati ya nyuzi 450 na 200 za Selsiasi ndipo dioksini hujiunda. Kuiangamiza kunataka tanuri la zaidi ya nyuzi 850. Majivu hubaki pale pale, kuku wa kienyeji wakaparua, sumu ikaishia kwenye kiini cha yai tunalowapa watoto. Mayai ya karibu na jaa la Dandora, Nairobi, yalipimwa, matokeo yakatolewa 2005: dioksini ilivuka kikomo cha Ulaya. Na hao wanaouza mafuta ya transfoma kuukuu kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, au, Mungu atuepushe, kwa wakaanga chipsi, wajue kwamba mafuta ya transfoma za zamani yanaweza kuwa na PCB, na hakuna moto wa karai unaoiondoa.

Mkitaka kuandika tena, wapimaji watundike sponji la poliurethani la kipenyo cha sentimita 14 kati ya mabakuli mawili ya chuma kisichoshika kutu, mbali na majiko, linase sumu za hewani. Libadilishwe kila miezi mitatu, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, ili kaskazi, masika, kusi na vuli kila moja iwe na lake. Sponji jingine lifunguliwe pale na kufungwa papo hapo, kisha lipimwe na mengine, lioneshe uchafu ulioingia safarini. Udongo uchotwe sentimita 5 za juu, mahali patano kwa kila eneo, kwa kijiko cha chuma, utiwe kwenye chupa ya kioo iliyozibwa kwa foili na kuwekwa kwenye barafu. Waanze na nyuma ya ule ukuta. Matokeo yakitoka, kila namba muichape na mwezi wake na mahali pake.

Msomaji wenu,
Maweni, Malindi