Pointi za Simu

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu wa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Ripoti yenu kuhusu kumalizika kwa msimu wa raga katika madaraja ya chini ya Uingereza imenitoa kwenye ukimya. Mwandishi wenu amewasifu mabingwa na kuorodhesha wanaopanda na wanaoshuka, lakini mechi ambazo hazikuchezwa kabisa hakuzigusa.

Ninaishi Leicester, na kijana wangu ni propu, yaani mmoja wa wachezaji wa mstari wa mbele wanaobeba uzito wa kusukumana, katika ligi za kaunti, zile zinazoanzia daraja la saba. Huku hakuna mshahara. Mchezaji ndiye anayelipa ada.

Mwezi Machi, siku ya mechi ya nyumbani, tulikuwa jikoni klabuni tangu asubuhi, maana desturi ya raga ni wenyeji kuwalisha wageni baada ya mchezo. Kijana alikuwa amebadilishana zamu ya usiku kazini ili acheze. Mistari imeshachorwa uwanjani, masufuria yako motoni, refa yuko njiani, ndipo simu ikalia: wageni hawaji, wamekosa watu wa mstari wa mbele. Basi. Tukaandikiwa ushindi. Chakula kingine tulibeba nyumbani, kingine kikamwagwa, na mimi hadi leo sijaona furaha ya pointi zile. Katika ligi hii timu hupata pointi nne kwa kushinda, moja ya ziada kwa kufunga trai nne (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani), na anayeshindwa kwa tofauti isiyozidi saba huondoka na moja. Kila pointi ina jasho lake. Wapinzani wetu wanavunjwa mbavu kwenye matope kuitafuta hiyo moja, halafu sisi tunapewa zetu kwa simu! Na sheria ya raga ina njia: timu ikikosa watu waliofunzwa kucheza mstari wa mbele, refa huamuru skramu, yaani ule mkusanyiko wa wachezaji wa mbele wa pande mbili wanaoshikana vichwa chini kugombea mpira, zisizo na kusukumana ili shingo za watu ziwe salama, na mchezo unaendelea. Kwa nini basi mtu asipande basi akaja?

Sishangai sana, nikiwatazama walio juu. Januari 2023 RFU, chama kinachosimamia raga hapa Uingereza, kilitangaza kwamba kimo cha kumkaba mwenye mpira kitashushwa hadi kiunoni kwa sisi wa chini, bila kutusikiliza vya kutosha. Klabu zikafoka, chama kikaomba radhi, kikasogeza kimo hadi chini ya mfupa wa kifua. Katika mwaka wa fedha 2023/24 chama hichohicho kikatangaza hasara ya uendeshaji ya pauni milioni 37.9 na kupunguza wafanyakazi, huku mkurugenzi mkuu Bill Sweeney akipata malipo ya jumla ya pauni milioni 1.1. Fedha hizo zingefunza mapropu wangapi wa vijijini?

Pendekezo langu ni hili. Klabu inayojua haina watu iseme kabla ya saa kumi na mbili jioni siku ya Alhamisi. Ikichelewa, ilipe chakula kilichopikwa na nauli ya refa, kisha mechi ichezwe Jumapili yoyote kabla ya msimu kufungwa, kwenye uwanja uleule wa wenyeji. Nanyi, Mhariri, mtakapochapisha jedwali tena, wekeni safu ya mechi zisizochezwa kando ya jina la kila timu, yetu ikiwemo.

Mama wa Propu,
Leicester