Lile borrow me ulonitumia jana

Assalaam alaykum shoga yangu, hali yako na za hapo Wete, mie huku Jambiani mzima alhamdulillah, joto tu.

Shoga, ile meseji uliyotaka kumtumia mgeni nimeisoma, umeandika borrow me your charger, nikasema hili siliachi mpaka unaanza kazi Jumatatu. Hapo ni lend me. Na sikulaumu, sie kwetu azima ni moja inakwenda huku na huku, naazima mbuzi kwa jirani nikune nazi, na nikifika mlangoni namwambia niazime mbuzi yako, azima ile ile. Mzungu yeye kaigawa, anaepokea anaborrow, anaetoa analend. Mie naangalia kitu kinakwenda wapi, kikija kwangu ni I borrow na nyuma yake from, I borrowed it from my neighbour, kikitoka kwangu ni I lend, na ikishapita ni lent, usiseme lended. Kwa hiyo utamwambia lend me your charger au can I borrow your charger, mie hii ya pili ndo naipenda, naiona ina adabu zaidi kwa mgeni.

Tena borrow yao imemeza na kukopa. Sie mbuzi tunaazima maana inarudi ile ile, lakini sukari tunakopa, ile ishanyweka kwenye chai utarudisha nyengine. Kwao mbuzi borrow, sukari borrow, pesa za benki borrow.

Ila lilioniuma mie ni la baiskeli. Mgeni kaja asubuhi, can I borrow the bike, nikamwambia yes yes no problem, akenda nayo Paje karudi magharibi tairi zimejaa mchanga, namwambia 15,000 akabadilika uso kabisa, akaona nimemtega. Wallahi sikumtega. Kwake borrow ni bure, ya kulipia ni rent, na mie nshamwambia yes. Mwenye baiskeli nikamlipa kwa pesa zangu na yule mgeni aliondoka kanuna, mpaka leo linanikaa moyoni. Kwa hiyo ukisikia borrow na kitu chenyewe cha kukodisha, hapo hapo mwambie it's for rent na bei umtajie kabla hajakishika.

Niandikie sentensi tatu leo baada ya isha, mbili za borrow moja ya lend, nikutazamie. Mama nisalimie sana.