Kifurushi hakipo, na bado analipa

Ndugu Mhariri,

Sisi tunaosaidia watu wenye shida za kompyuta tunakwama mahali pamoja: mtu ameshatapeliwa, tunamwonyesha alivyotapeliwa, anaitikia "sawa", kisha anakwenda kununua kadi nyingine ya zawadi ya kumlipa tapeli.

Mchezo wenyewe mnaujua. Barua pepe inadai kuna mzigo umezuiwa forodhani, utatolewa kwa ada ndogo. Ikilipwa, inazaliwa bima. Bima ikilipwa, inakuja gharama ya kuhifadhi, na hiyo hupanda kila siku. Malipo ni kadi za zawadi, zile za dukani zenye fedha ndani, anayejua namba yake ya siri huzitumia: kwangua, piga picha namba ya siri, tuma. Anaelekezwa hata cha kumjibu muuza duka akiulizwa kadi zote hizo ni za nini. Agizo hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu, lakini wapi!

Ushahidi hatukosi. Anwani ya kujibia hailingani na ya mtumaji. Namba ya mzigo nayo husema. Ile ya posta ya kimataifa ina herufi 2, tarakimu 9, kisha herufi 2 za nchi, na tarakimu ya 9 ni ya kukagulia. Zidisha 8 za mwanzo kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, moja moja kwa mpangilio huo, jumlisha, gawanya kwa 11, toa baki kwenye 11. Kwa 12345678 jumla ni 204, baki 6, basi ya tisa sharti iwe 5. (Ukipata 10 huandikwa 0, ukipata 11 huandikwa 5.) Isipolingana, namba si sahihi. Ikilingana haithibitishi kitu, kwani tapeli anaweza kunakili ya mzigo wa mtu mwingine, na hapo hesabu hutugeuka: "Si umesema iko sawa?"

Halafu muda. Salio la kadi linaweza kukombwa dakika chache baada ya picha kutumwa. Tungetaka kwanza aipigie kampuni iliyotoa kadi, kwa namba iliyo nyuma ya kadi, risiti mkononi, aombe izuiwe. Asiyeamini kuwa ameibiwa hapigi. Tukimbana, anaficha risiti. Na siku akiamini, huibuka mwingine anayejidai kurudisha fedha zilizoibwa, naye anataka ada kwanza.

Je, tumwache na kifurushi chake, tumwombe azuie kadi "kwa tahadhari" tu? Au huo nao ni uongo utakaomfanya asituamini tena? Na nani hasa aseme naye, sisi au mwanawe?

Wasomaji wenu,
Dawati la msaada wa kompyuta