Shoga, kwanza muulize analala saa ngapi

Majengo, Pumwani
Nairobi
Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, ila baridi ya Julai inatutafuna. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nakaanga mahamri, nikaona jibu lake haliingii kwenye simu. Nimenunua karatasi na bahasha. Cheka tu.

Unasema binti yako amebadilika. Alikuwa wa kwanza kuinua mkono darasani, leo mwalimu anasema yupo kama hayupo. Kila mwezi anakosa siku mbili tatu. Simu umemnyang'anya, umemsema mpaka sauti imekukauka, na sasa unataka kumpeleka bweni la mbali, kwa kuwa samaki mkunje angali mbichi. Shoga, kabla hujamkunja nikuhadithie ya wangu.

Mwaka jana, muhula wa pili, niliitwa shule. Kijana wangu, yule uliyekuwa ukimbeba kwa ubeleko wako, siku hizi miguu inaning'inia nje ya kochi akilala. Mwalimu wa darasa akanifungulia rejista: hajakosa hata siku moja. Kisha akanifungulia daftari la hesabu. Tangu wiki ya tatu ya muhula, kila ukurasa una tarehe juu, mstari umepigwa kwa rula, na chini yake weupe mtupu. Kila siku ameandika tarehe, akapiga mstari, akaishia hapo. Ile mistari iliniuma kuliko weupe wenyewe.

Nilipofika nyumbani nilifanya yale yale yako. Simu nikaizika ndani ya debe la unga. Nikamtajia watoto wa majirani mmoja mmoja. Nikamwambia mimi na wewe tulipasi KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, mwaka 1994 na karo ndiyo iliyotuangusha. Elimu ya msingi bila malipo ikaja 2003, serikali ikaanza kulipia masomo ya sekondari ya kutwa 2008, sisi tushapitwa na gari. Na yeye serikali imempangia Sh22,244 kwa mwaka, anaenda kuzilalia juu ya dawati! Alinisikiliza mpaka mwisho, kimya. Kisha akauliza, "Mama, leo tukande kilo ngapi?"

Nusura nimzabe kofi. Nilidhani ananidharau.

Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba alikuwa amenijibu. Unajua mamangu alipopatwa na kiharusi nilimleta hapa kwangu. Kumgeuza, kumwosha, kumlisha, yote ni mimi. Unga wa mahamri nikawa siuwahi. Siku moja kijana akaukanda, kesho yake akaukanda tena, ikawa kazi yake bila mtu kumpa. Anakanda usiku uumuke, saa kumi alfajiri anasukuma na kukata mimi nikikaanga, saa kumi na moja na nusu anabeba ndoo mbili kupeleka vibanda vya chai vya Gikomba, saa moja kasorobo awe langoni mwa shule. (Kanuni za 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi, lakini mwambie hayo bawabu mwenye fimbo ya saa.) Na usiku je? Wageni wanaokuja kumjulia hali bibi hukaa mpaka saa tano, na kochi wanalokalia ndicho kitanda chake. Piga hesabu mwenyewe. Nilipata saa nne za usingizi, tano siku ya neema.

Mwalimu wa ushauri nasaha, mama mmoja mpole, alinifahamisha jambo ambalo sikulijua nami nina watoto watatu. Mtoto akibalehe, saa ya mwilini mwake husogea. Ile homoni ya usingizi, melatonini, huchelewa kutoka, kwa hivyo ukimlazimisha kulala saa mbili atabaki anakodolea dari macho. Na mwili unadai saa nane hadi kumi. Akaniambia madaktari wa watoto wa Marekani walipendekeza tangu 2014 shule za vijana zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Nilicheka kwa uchungu. Saa hiyo wangu ameshamaliza zamu nzima.

Nikamuuliza mbona hakuniita mapema. Akasema kila alipomuuliza kijana, jibu lilikuwa moja, "Niko sawa, Madam." Alikuwa ananisitiri, shoga. Mimi namwita mvivu, yeye ananisitiri.

Baba yake naye unamjua, dereva wa lori, leo Mombasa kesho Malaba. Swali lake kwenye simu lilikuwa moja: "Umekuwa nambari ngapi?" Mtoto anataja, baba anaguna, simu inarudi kwangu. Simlaumu sana, kwao hivyo ndivyo mzazi alivyoonyesha anajali. Basi mwezi wa kumi lori likamgomea Salgaa. Akapiga simu akifoka: betri mpya, usiku mmoja tu imekufa, ameibiwa. Kijana akaichukua simu mkononi mwangu. Akamwambia pengine kuna kitu kinanyonya umeme lori likiwa limezimwa. Amwombe fundi achomoe waya wa hasi, aunganishe mita pale katikati asome mkondo, halafu achomoe fyuzi moja moja mpaka aone mkondo umeshuka. Wakafanya. Ikawa ni redio, iliyofungwa ovyo. Baba akapiga tena: "Nani kakufundisha haya?" "Fizikia, baba. Ya darasani." Wakazungumza dakika ishirini, muda wa maongezi wake ukaisha, nikanunua mimi wakaendelea.

Tangu hapo humuuliza wamesoma nini. Nambari bado anauliza, usidhani amegeuka malaika.

Sasa namlipa binti wa jirani Sh150 kwa siku, anakanda na kupeleka, na hizo pesa naziona zikitoka. Wageni wa bibi mwisho saa tatu. Shangazi mmoja amenuna hadi leo na anune. Fizikia amepanda. Hesabu daftari lina maandishi, mengi ya kalamu nyekundu, lakini ni maandishi. Kiswahili bado anasinzia, mtoto wa Majengo! Na mwalimu wake tunasali naye msikiti mmoja.

Turudi kwa binti yako. Hizo siku mbili tatu za kila mwezi, umemuuliza kama ni siku zake? Sheria tangu 2017 inataka serikali iwape wasichana sodo shuleni, lakini binti yangu wa Gredi 9 ananiambia pakiti zikija huisha kabla hazijafika dawati la nyuma. Sketi ikichafuka mara moja tu mbele ya wavulana, hatasimama tena kujibu hata jibu akiwa nalo. Hilo ni rahisi, linamalizwa na duka.

La pili duka halina. Hukulitaja kwenye ujumbe, mimi nimehesabu miezi tu. Mwalimu anasema alianza kubadilika Februari. Baba yake alitoka nyumbani Januari. Najua hujaongea naye kwa sababu mwenyewe bado halijakutoka kooni, na mimi si mtu wa kukuharakisha. Lakini ukimpeleka bweni sasa hivi, naye atapiga hesabu zake: mwezi wa kwanza kaondoka baba, mwezi wa tisa nimeondolewa mimi. Bweni silikatai. Lina kitanda na kengele ya kulala, na ningekuwa na uwezo mwaka jana labda wangu angekuwa huko. Mweleze kwanza, hata kama maneno yatatoka vibaya, hata kama mtalia wote wawili jikoni.

Na likizo ya Agosti mlete huku. Atalala na binti yangu. Kitanda ni chembamba, na wao pia. Mfungie papa mkavu na achari ya embe, ile ya mamako, yenye pilipili. Na sweta usisahau, Agosti ya Nairobi si ya huko kwenu Kisauni.

Nimsalimie nani mwingine? Wote.

Ni mimi shogayo,
wa Majengo