Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Udhibiti wa Dawa: miligramu peke yake haitoshi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia nikiwa mfamasia, kuhusu maelezo yanayoambatana na dawa za kutuliza na za usingizi. Ombi langu ni kwamba miongozo ya watoa dawa ioneshe nguvu ya kila dawa ikilinganishwa na wenzake pamoja na namna mwili unavyoiondoa, badala ya kutaja miligramu na kuishia hapo. Sababu imo katika umbo la molekuli zenyewe, na naomba uniruhusu nilieleze.

Asidi ya babituriki, ambayo Adolf von Baeyer aliitengeneza mwaka 1864, haimlazi mtu usingizi. Emil Fischer na Joseph von Mering ndio walioitangaza babitali mwaka 1903, yaani asidi ileile iliyopachikwa vikundi viwili vya ethili kwenye kaboni ya tano ya pete yake, na hapo ikawa dawa. Mfano unaonishangaza zaidi ni wa pentobabitali, dawa nyingine ya usingizi iliyotokana na asidi hiyo: atomi yake moja ya oksijeni ikiondolewa na ya salfa ikakaa mahali pake, hupatikana thiopentali, ambayo huyeyuka katika mafuta kwa wepesi zaidi, hivyo ikidungwa mshipani huingia ubongoni na kumlaza mgonjwa ndani ya dakika moja. Baada ya dakika chache mgonjwa huzinduka, si kwa kuwa mwili umekwisha kuiondoa dawa, bali kwa kuwa dawa imehama kutoka ubongoni kwenda kwenye misuli na mafuta. Anayedhani kuzinduka ni dalili ya dawa kwisha mwilini anaweza kuongeza dozi juu ya dozi bila kujua kinachojilimbikiza.

Matatizo ya kila siku, hata hivyo, yako kwenye ukoo wa benzodiazepini, yaani dawa za kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, ulioanzishwa na Leo Sternbach akiwa katika kampuni ya Hoffmann-La Roche. Diazepamu, iliyoingia sokoni mwaka 1963, hutolewa kwa dozi ya miligramu 5 au 10. Kwa makadirio yanayotumiwa na wengi, miligramu 10 za diazepamu hukaribiana kwa nguvu na miligramu 1 ya lorazepamu, au nusu miligramu ya alprazolamu. Lorazepamu ina atomi ya pili ya klorini, na alprazolamu imeongezewa pete ya triazoli. Mabadiliko ya namna hiyo huifanya molekuli ishikamane na kipokezi chake ubongoni, yaani sehemu ya seli inayoipokea dawa, kwa uthabiti zaidi, ndiyo maana kiasi kidogo kinatosha. Kidonge kinachoonekana kuwa na namba ndogo hakimaanishi dawa nyepesi, lakini hivyo ndivyo wagonjwa wengi wanavyosoma paketi, na si wagonjwa peke yao.

Muda wa dawa mwilini nao hutegemea umbo. Ini huibadilisha diazepamu kuwa desimethilidiazepamu, ambayo nayo inatuliza, na kwa baadhi ya watu huchukua zaidi ya saa 100 kupungua hadi nusu. Lorazepamu tayari ina kikundi cha haidroksili (oksijeni na hidrojeni) mahali ambapo ini huweza kuambatisha moja kwa moja asidi ya glukuroniki, ambayo huirahisishia dawa kutoka kwa mkojo, kwa hiyo hutoka bila kuacha zao lenye nguvu. Kwa mzee, au kwa mwenye ini dhaifu, tofauti hii ni kubwa: anayemeza diazepamu kila usiku anaweza kuwa na dawa nyingi zaidi mwilini wiki ya pili kuliko ya kwanza, akaanza kuyumba na kuanguka, na familia ikadhani ni uzee.

Ipo pia hoja ya usalama. Babituriti, yaani dawa zitokanazo na asidi ya babituriki, na benzodiazepini hufanya kazi kwenye kipokezi kimoja cha GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza neva, ila hukaa sehemu tofauti. Benzodiazepini huongeza tu athari ya GABA iliyopo. Babituriti, zikizidi, hufungua zenyewe, hata bila GABA, njia ya kloridi inayozituliza seli za neva, na pumzi inaweza kukatika. Ni kwa sababu hiyo benzodiazepini zikaonekana salama, sifa ambayo hupotea pale zinapochanganywa na pombe au na dawa za maumivu za jamii ya morfini.

Najua nitajibiwa kwamba karatasi za maelezo zimekwisha kuwa ndefu, na kwamba jedwali la ulinganisho likimfikia mgonjwa litamshawishi abadilishe dawa mwenyewe. Hoja ya pili naikubali. Jedwali hilo liwekwe katika mwongozo wa madaktari na wafamasia tu, likiwa na onyo kwamba namba zake ni makadirio na kwamba vyanzo hutofautiana. Karatasi ya mgonjwa inahitaji mistari miwili: dawa hii hukaa mwilini kwa muda gani, na isichanganywe na nini.

Naomba kazi hii ianze na diazepamu, kwa kuwa ndiyo ambayo muda wake mwilini hupotosha watu zaidi, kisha ifuate alprazolamu, ambayo namba yake ndogo huficha nguvu yake.

Wako mtiifu,
Mfamasia