Viti vya gari za mashindano: tusome kabla ya siku ya posho (Jumamosi)

Ndugu zangu, jambo yenu wote.

Jana kule Kampemba, hapa Lubumbashi, niliingia chini ya gari ya mmoja wetu. Kiti kipya, kizuri kabisa, lakini kimefungwa kwenye bati tupu la sakafu, bolti na washa (pete ya chuma ya bolti) ndogo peke yake. Bati lilikuwa limeshaanza kubonyea kuzunguka kila washa, tena lina ufa mwembamba kama unywele. Siku ya kugonga, kiti kinang'oka na mtu wake. Sikulala vizuri.

Kwa hiyo nawaomba: chini ya sakafu wekeni bamba la chuma. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka sehemu nne za kufungia, bolti za milimita 8 au zaidi, bamba la unene wa milimita 3, na eneo la mgusano la sentimita 40 za mraba kila sehemu. Bolti za vitanda vya sokoni hapana, hata kama zinaingia.

Kiti cha mtumba, angalieni kibandiko nyuma: vile vya 8855-1999 (namba ya kiwango cha FIA cha viti) vinatumika miaka 5 tangu kutengenezwa. Kikiwa na ufa, kiacheni.

Kabla ya kukaza, kaa ndani na kofia ngumu ya mbio kichwani, mwenzako apime nafasi hadi kwenye paa. Wengi wanasahau hii, halafu wanafungua vyote upya.

Mwenye gari, nimeshakuongelesha. Njoo na sakafu wazi, bamba ninalo, tutafunga pamoja siku ya posho saa mbili asubuhi.