Wapangaji wapewe uhuru wa kuchagua intaneti

Mhariri,

Katika maploti mengi Nairobi, mpangaji hachagui kampuni ya intaneti. Mwenye nyumba keshamchagulia. Kisingizio ni kwamba bomba la nyaya limejaa. Limejaa nini? Waya wa faiba (uzi wa kioo unaobeba intaneti) unaoingia nyumbani una unene wa milimita 3 hivi, na bomba la milimita 25 hupitisha kadhaa. Kinachokosekana ni ruhusa.

Faiba moja mara nyingi hugawiwa nyumba 32, zikigawana gigabiti 2.5 kwa sekunde. Ikizidiwa saa mbili usiku, mteja hana pa kuhamia.

Anayelalamika apime kasi kwa kebo kutoka kwenye ruta, si kwa Wi-Fi, asubuhi na usiku, la sivyo ataambiwa kuta ni nene na ndizo zinazodhoofisha Wi-Fi. Mamlaka ya Mawasiliano nayo ipige marufuku mikataba ya kampuni moja kwa jengo.

Mpangaji, Nairobi